Programu Isiyokubali Kufungwa

Msomaji, yawezekana umepatwa na jambo hili, na kama hujapatwa bado litakupata. Umeketi mbele ya kompyuta katika maabara ya shule, umeandika insha yako kwa muda wa saa nzima, na kengele ya kwenda bwenini inakaribia kulia. Mara kishale kinageuka kuwa kiduara kinachozunguka. Unabonyeza herufi, hazitokei. Unapeleka kishale kwenye alama ya msalaba iliyo pembeni, ile ambayo siku zote huifunga programu, nayo haifungi. Unabonyeza tena na tena, mara kumi, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba ambayo taa zinawaka lakini mwenyewe haitiki. Hapo watu hugawanyika. Wako waipigao kibodi kwa kiganja. Wako waketio kimya wakingoja. Na wako wengi wanyooshao mkono hadi ukutani na kuchomoa waya wa umeme.

Katika kurasa hizi nakusudia kukueleza habari za miaka mingi zilizo nyuma ya kiduara kile: kwa nini programu huganda, ni nani waliotafuta njia ya kuifunga kwa nguvu, na kwa nini dawa iliyojulikana mapema ilichelewa mno kufika mezani pako. Historia tuisomayo shuleni huwa ni ya wafalme, vita na mikataba. Hii ni historia ya namna nyingine, lakini nayo ina swali la utawala ndani yake: mmoja akishika kitu cha wote akakataa kukiachilia, ni nani mwenye haki ya kumpokonya, na kwa gharama gani?

Tuanze Manchester, Uingereza. Tarehe 21 Juni 1948, katika chuo kikuu cha mji huo, mashine iliyojengwa na Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill ilifaulu kuendesha programu iliyotunzwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe ya elektroniki. Lilikuwa jambo la kwanza la aina hiyo ulimwenguni. Kumbukumbu ile ilikuwa na nafasi 32 tu, na programu yenyewe ilikuwa na maagizo 17. Kilburn aliitaka mashine itafute namba kubwa kuliko zote inayoigawa 262,144 pasipo baki, ukiacha namba hiyo yenyewe. Tena kwa makusudi aliitaka itafute kwa njia ndefu, kwa kujaribu namba moja baada ya nyingine. Wewe ungeipata kwa kugawanya kwa mbili. Mashine ilipata jibu, 131,072, baada ya dakika 52.

Sasa jaribu kufikiri kwamba umeingia katika chumba kile dakika ya 40. Mbele yako pana kioo kidogo chenye nukta zinazochezacheza. Hakuna jibu. Je, mashine inafanya kazi, au imepotea njia na itazunguka hapo hadi mwisho wa dunia? Kwa macho huwezi kujua. Nukta za kazi na nukta za upotevu hufanana. Ukiizima sasa, huenda umeizima dakika 12 kabla ya jibu. Usipoizima, huenda ukangoja bure.

Ajabu ni kwamba swali hili lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla ya mashine zenyewe kuwako. Mwaka 1936 kijana wa Kiingereza ambaye hakuwa ametimiza miaka 25, jina lake Alan Turing, aliandika makala ya hisabati ambayo ndani yake mlikuwa na mashine ya kufikirika tu. Kutokana na makala ile twajua kwamba hapawezi kuwako kanuni moja ya jumla itakayotazama programu yoyote na kusema kwa yakini kama itafika mwisho au la. Uthibitisho wake, kwa jinsi unavyoelezwa siku hizi, hauhitaji hesabu kubwa, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuufuata.

Tuseme yuko mwamuzi asiyekosea. Unampa programu yoyote naye hutamka, “Hii itakoma,” au, “Hii haitakoma.” Mimi namchukua mwamuzi huyo na kumtia ndani ya programu mpya niliyoitunga kwa ukaidi. Kazi ya programu yangu ni kumwuliza mwamuzi habari za programu hiyo hiyo yangu. Akisema itakoma, basi inaanza kuzunguka milele. Akisema haitakoma, inakoma papo hapo. Kila atamkalo mwamuzi linageuka kuwa uongo! Na kwa kuwa tulisema hakosei kamwe, hatuna budi kukiri kwamba mwamuzi wa namna hiyo hawezi kuwako. Soma aya hii mara mbili ukipenda. Mimi niliisoma mara nne nilipokutana na hoja hii kwanza.

Kwa hiyo, msomaji, kompyuta yako haijui kama programu imeganda. Hubahatisha tu. Windows, mathalan, hutazama kama dirisha la programu limechukua ujumbe linaoletewa, na sekunde 5 zikipita bila kuchukua lolote, hulihesabu kuwa haliitikii. Angalia neno lenyewe: kutoitikia. Mashine haisemi kwamba programu imekufa, wala haisemi kwamba haitarudi. Hukumu imeachwa mkononi mwako.

Lakini ili hukumu yako iwe na nguvu, lazima awepo mwenye uwezo wa kuitekeleza. Hapo ndipo ilipo sehemu ya pili ya habari yetu.

Umewahi kupanga foleni ya maji kwenye mfereji wa kijiji? Zipo namna mbili za kuiendesha. Namna ya kwanza ni ya heshima: kila mtu ajaze anachohitaji, kisha ampishe mwenziwe kwa hiari yake. Namna ya pili ni kumweka mlinzi ambaye hufunga mfereji kila ndoo ijaapo na kumwita afuataye, apende asipende. Namna ya kwanza ni nzuri mpaka aje mtu mwenye pipa. Siku hiyo, foleni nzima husimama kwenye jua.

Kompyuta yenye programu nyingi ni foleni kama hiyo, na mfereji ni kile kichakataji kinachotenda maagizo. Mnamo Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mtambo ambao watu kadhaa waliweza kuutumia kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona kana kwamba ni wake peke yake. Siri yake ilikuwa mlinzi. Saa ndani ya mashine ilikuwa ikigonga kila baada ya kipande kidogo cha muda, na kila igongapo, programu iliyokuwa ikiendeshwa iliondolewa bila kuombwa ruhusa, ikaja nyingine. Programu moja ikipotea njia, ilipotea ndani ya zamu yake tu. Kazi hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyomletea Corbató Tuzo ya Turing ya mwaka 1990.

Hivyo dawa ilijulikana tangu 1961. Mbona basi watu walioketi mbele ya kompyuta zao miaka 30 baadaye walikuwa wakitazama skrini zilizoganda pasipo la kufanya? Jibu ni fedha. Mtambo wa MIT ulikuwa na thamani ambayo taasisi kubwa tu ziliweza kuimudu. Kompyuta za mezani zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, zilitengenezwa kwa vipuri rahisi na kumbukumbu finyu, na mlinzi alikuwa miongoni mwa vitu vilivyoachwa nje ili bei ishuke.

Kompyuta ya mezani ya kampuni ya IBM ilitoka Agosti 1981. Iliendesha programu moja kwa wakati, na programu hiyo ikiganda, mashine yote iliganda nayo. Wahandisi walioitengeneza, huko Boca Raton katika jimbo la Florida, waliona taabu hiyo kila siku, kwa maana programu walizokuwa wakizijaribu zilikuwa mbichi. Kuzima na kuwasha kulimaanisha kungoja mashine ijikague upya tangu mwanzo. Mmoja wao, David Bradley, akatunga njia ya mkato: bonyeza vitufe vitatu pamoja, na mashine itaanza upya bila ukaguzi ule mrefu. Mwanzoni alichagua Ctrl, Alt na Esc. Ikaonekana kwamba vitatu hivyo vimekaa upande mmoja wa kibodi, na mtu anaweza kuvigusa kwa bahati mbaya kwa mkono wa kushoto peke yake, kazi yake ikapotea. Basi Esc ikabadilishwa kuwa Del, iliyo mbali, ili yahitajike makusudi na mikono miwili.

Napenda sana kipande hiki cha historia. Chombo kilichokusudiwa kuwarahisishia wahandisi wachache kazi yao kikaja kujulikana na watu wa mataifa yote. Mwaka 2001, katika sherehe ya miaka 20 ya kompyuta ile, Bradley alitania mbele ya hadhara, na Bill Gates wa Microsoft akiwa ameketi hapo hapo, kwamba yeye alivumbua vitufe hivyo lakini Gates ndiye aliyevipa umaarufu. Watu walicheka. Gates hakuonekana kufurahia sana.

Na utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Windows 3.0, ya mwaka 1990, iliwawezesha watu wa kawaida kufungua programu kadhaa pamoja, lakini kati ya programu zake foleni ilikuwa ya namna ya kwanza, ile ya hiari. Kila programu ilipaswa kukumbuka kuachia zamu. Kompyuta za Macintosh za kampuni ya Apple zilikuwa na utaratibu kama huo. Mwaka 1991, katika toleo lililoitwa System 7, Apple waliongeza njia ya kuilazimisha programu iondoke, lakini baada ya kuitumia mara nyingi ilikuwa salama zaidi kuwasha mashine upya, maana programu iliyokufa vibaya huenda ilikuwa imeharibu kumbukumbu ya jirani zake. Programu moja ya kuandikia barua ikikosea, hesabu za mwaka zilizofunguliwa kando yake zilipotea pamoja nayo. Watengenezaji hawakuwa wajinga. Walijua alichofanya Corbató. Walipima bei ya mlinzi, wakaona heri wauze mashine leo. Deni lile lililipwa na wanunuzi, ukurasa kwa ukurasa, kwa kazi iliyobidi kuandikwa mara ya pili.

Mlinzi alirudi polepole. Alikuja katika Windows NT mwaka 1993, akaja kwa sehemu katika Windows 95, na mwaka 2001 akaja kwa Apple katika Mac OS X. Na mwaka 1996, pamoja na Windows NT 4.0, ikatokea Task Manager, yaani orodha ya programu zote zinazoendeshwa, ambamo unaweza kuichagua moja na kuiondoa nyingine zikabaki salama. Aliyeiandika ni Dave Plummer, mhandisi kutoka Kanada, naye aliianza nyumbani kwake. Hata leo ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwenye Windows, orodha hiyo itakuja.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo hapana mkono wa kubonyeza kitufe chochote. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Picha zilianza kuja, na dunia ikashangilia. Siku chache baadaye, kilipokuwa kimeanza kukusanya habari za hali ya hewa ya huko, kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe ghafla. Kila ilipofanya hivyo, kazi iliyobaki ya siku hiyo ilisimama hadi kesho yake.

Kilichotokea naweza kukieleza kwa mfano wa shule. Mwalimu mkuu anataka kuingia ofisini, lakini ufunguo ameazimwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayefagia humo. Mwanafunzi angemaliza upesi na kuutoa. Lakini katikati ya kufagia ameitwa na kiranja, naye kwa kuwa ni mdogo hawezi kukataa. Kiranja ana maneno mengi. Kwa hiyo mwalimu mkuu, aliye juu ya wote, amesimama mlangoni akimngoja mdogo, na mdogo anamngoja kiranja, na kiranja hana habari kwamba amemzuia mkuu wa shule. Katika Pathfinder, mwanafunzi yule alikuwa kazi ndogo ya kupokea habari za hewa. Kiranja alikuwa kazi ya mawasiliano. Na mwalimu mkuu alikuwa kazi ya kusimamia njia ambayo habari zote zilipitia. Ufunguo ulikuwa ruhusa ya kutumia njia hiyo.

Hakuna aliyekosa akili hapo, wala hapana aliyekuwa mvivu. Kila mmoja alitii amri ya aliye juu yake, na utiifu huo ndio uliozuia kazi. Kilichookoa chombo ni saa ya ulinzi iliyokuwa ndani yake. Kazi kuu isipotimizwa kwa wakati, saa ile haikuuliza sababu. Iliiamuru kompyuta ianze upya. Wahandisi wa maabara iitwayo Jet Propulsion Laboratory, huko California, waliendesha mfano wa chombo hicho uliobaki duniani mpaka nao ukaanguka vile vile, wakaona kosa. Dawa ilikuwa tayari ndani ya programu, ila ilikuwa haijawashwa: kwamba aliyeshika ufunguo unaongojwa na mkubwa, apewe cheo cha mkubwa huyo kwa muda, kusudi kiranja asiweze kumwita. Walituma badiliko dogo kutoka duniani hadi Mirihi, na kujizima kukakoma. Chombo kiliendelea kuwasiliana na dunia hadi Septemba mwaka huo.

Turudi sasa mezani pako, ambapo mkono upo na uamuzi ni wako.

Huko New Jersey, katika maabara ya Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza mwaka 1969 kutunga mfumo ulioitwa Unix. Mifumo iliyoufuata mtindo wake imeenea mno. Simu za Android zina kiini cha Linux, ambayo ni mmojawapo wa mifumo hiyo. Katika mifumo hii kuna amri ya kuua programu, nayo ina daraja, na daraja mbili zinakuhusu. Ya kwanza, yenye namba 15, ni ombi. Programu huambiwa iondoke, nayo hupewa nafasi ya kuhifadhi kazi, kufunga mafaili na kurudisha ilichoazima. Inaweza pia kulipuuza ombi hilo. Ya pili, yenye namba 9, si ombi. Programu haiambiwi kitu. Huondolewa kama ilivyo, na lile lililokuwa mkononi mwake hudondoka.

Tofauti hiyo imo katika kila kompyuta, hata kama namba hazionekani. Ule msalaba wa pembeni ni ombi. Task Manager ni amri. Kuchomoa waya hakumo katika daraja hizo hata kidogo, maana kunawaua wote, mlinzi akiwa pamoja nao.

Na lipo jambo moja ambalo hata namba 9 hulingojea. Programu ikiwa imeagiza diski iandike au isome kitu, na diski haijajibu, katika mifumo hiyo programu inaweza kusimama katika hali ambayo haiuliki mpaka jibu lije. Mtu asiyejua hudhani ni ukaidi wa ajabu. Kumbe mfumo unakataa kumtoa mtu aliye katikati ya daraja.

Jambo hili nililijua kwa kuchelewa. Nilipokuwa nikisomea ualimu, tulipewa maazimio ya kazi ya wiki 12 tuyaandae kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Niliyaandika yote katika maabara ya kompyuta, na usiku wa mwisho nikayahifadhi kwenye flashi yangu, ambayo ilikuwa kuukuu na ya bei rahisi. Programu ikaganda. Nilibonyeza msalaba, haikufunga. Nikaita Task Manager, nikaiamuru iondoke. Jina lake likabaki palepale katika orodha. Mlinzi wa maabara alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake. Nikainama chini ya meza nikachomoa waya.

Asubuhi faili lilikuwepo, na jina lake lilikuwepo, lakini halikufunguka. Wiki moja na nusu nilizozikumbuka kichwani niliziandika upya kwa kalamu. Zilizobaki nilizitunga upya nikiwa tayari shuleni, usiku baada ya usiku, huku siku zikinifuata nyuma. Nikitazama nyuma, nakumbuka vizuri kwamba nilipoinama chini ya meza, kitaa chekundu cha flashi kilikuwa kingali kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima.